Kalamu, Kura na Fadhila: Vyombo vya Habari Katika Uchaguzi na Hukumu ya Malipo Yanayofuata

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Kila uchaguzi unapomalizika, minong'ono ile ile husikika kwenye mabaraza na nje ya misikiti baada ya swala. Gazeti fulani lilimbeba mgombea fulani, na leo linapata matangazo yote ya serikali. Mwenye redio fulani alimsifu mtu usiku na mchana, na leo amepewa leseni au msamaha wa kodi. Wengine huapa kabisa kuwa palikuwa na mapatano, na wengine husema hiyo ni dhana tu na dhana ni dhambi. Muislamu wa kawaida hubaki katikati asijue ashike lipi. Hataki kula nyama ya nduguye kwa kumdhania vibaya, na pia hataki kuifumbia macho rushwa.

Katika makala hii tutalitazama jambo hili kwa pande mbili. Kwanza tutaeleza kisa kimoja kilichochunguzwa kwa kina na ambacho nyaraka zake ziko wazi, nacho ni kisa cha magazeti na wanasiasa wa Uingereza. Kisha tutarejea katika maneno ya mafaqihi tuone wanasemaje kuhusu msaada unaotangulia na fadhila inayofuata. Mwisho tutajigeukia sisi wenyewe, kwa sababu mimbari nayo ni chombo cha habari.

JE, CHOMBO CHA HABARI KINAWEZA KUGEUZA UCHAGUZI?

Tarehe 9 Aprili 1992 Waingereza walipiga kura. Chama cha Conservative cha John Major kilikuwa kikichuana na chama cha Labour kilichoongozwa na Neil Kinnock, na watu wengi walitarajia Labour ishinde. Gazeti la The Sun, ambalo siku hizo likiuza nakala zaidi ya milioni 3 kila siku, lilimwandama Kinnock kwa kejeli mpaka siku yenyewe ya kura. Conservative walishinda kwa wingi wa viti 21. Siku mbili baadaye The Sun lilijitapa katika ukurasa wake wa mbele kuwa ni lenyewe lililoleta ushindi ule.

Je, majigambo yale yalikuwa ya kweli? Wataalamu wa siasa walibishana kwa miaka mingi. Wapo waliosema kuwa msomaji huchagua gazeti linaloafikiana na rai aliyo nayo tayari, hivyo gazeti humfuata msomaji zaidi kuliko msomaji kulifuata gazeti. Hoja hii ina nguvu. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zimeonesha kuwa athari ipo. Mwaka 2009 watafiti wawili, Ladd na Lenz, walichapisha utafiti juu ya uchaguzi wa mwaka 1997, pale The Sun na baadhi ya magazeti mengine yalipohama kutoka Conservative kwenda Labour. Waliwalinganisha watu wale wale kabla na baada ya magazeti yao kuhama, na makadirio yao ni kuwa kati ya asilimia 10 na 25 ya wasomaji walivutwa na mabadiliko hayo.

Huko Marekani, watafiti DellaVigna na Kaplan walitoa mwaka 2007 utafiti wao kuhusu kituo cha televisheni cha Fox News. Waliona kuwa katika miji iliyofikiwa na kituo hicho, chama cha Republican kiliongeza baina ya pointi 0.4 na 0.7 za asilimia katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2000. Mtu ataona kuwa hicho ni kiasi kidogo. Lakini ikumbukwe kuwa uchaguzi ule uliamuliwa na jimbo la Florida, na tofauti rasmi katika jimbo zima ilikuwa kura 537.

Basi lililo sahihi ni kuwa chombo cha habari hakimiliki nyoyo za watu, lakini pale mashindano yanapokuwa ya karibu, kinaweza kuwa punje inayoinamisha mizani. Hata kama athari hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, inatosha mwanasiasa kuamini kuwa ni kubwa. Mwanasiasa anayeamini kuwa mtu fulani ameshika hatima yake, atamwogopa mtu huyo na atatafuta radhi zake. Hapo ndipo mlango wa fadhila unapofunguka.

KISA CHA MIAKA THELATHINI

Mmiliki wa The Sun ni kampuni ya Rupert Murdoch, mzaliwa wa Australia aliyelinunua gazeti hilo mwaka 1969. Mwaka 1979 The Sun lilimuunga mkono Margaret Thatcher, naye akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1981 Murdoch alitaka kuyanunua magazeti mawili makubwa, The Times na The Sunday Times. Palikuwa na sheria iliyotaka ununuzi wa namna hiyo upelekwe kwanza mbele ya tume ya kuzuia ukiritimba, isipokuwa pale gazeti linapokuwa katika hali ya kufa kwa hasara. Serikali iliamua kutoupeleka, kwa hoja kwamba magazeti yale hayakuwa yakijiendesha kifedha. Watu walishuku. Wakaambiwa kuwa Waziri Mkuu na mnunuzi hawakukutana wala kuwasiliana juu ya jambo hilo.

Ilipofika mwaka 2012 nyaraka za Thatcher zilifunguliwa. Ikaonekana kumbukumbu ya chakula cha mchana cha tarehe 4 Januari 1981 katika nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu, ambapo Murdoch alimweleza Thatcher kuhusu azma yake ya kununua magazeti yale. Tuwe waadilifu hapa: kumbukumbu ile haisemi kuwa Murdoch aliomba upendeleo wala kuwa Thatcher aliahidi lolote. Inathibitisha jambo moja tu, nalo ni kuwa walikutana, na kwamba wananchi walikaa miaka 31 wakiambiwa kinyume chake.

Mwaka 1995 Tony Blair, kiongozi mpya wa Labour, alisafiri mpaka kisiwa cha Hayman huko Australia kuhutubia mkutano wa kampuni ya Murdoch. Mwezi Machi 1997 The Sun likatangaza kumuunga mkono, na tarehe 1 Mei Labour ikashinda kwa wingi wa viti 179. Mwaka 2003 serikali yake ilipitisha Sheria ya Mawasiliano iliyolegeza masharti ya umiliki, na kumfungulia mwenye magazeti makubwa njia ya kununua kituo cha televisheni cha Channel 5. Watu wakasema kuwa hayo ndiyo malipo ya mwaka 1997. Lakini Murdoch hakukinunua kituo hicho. Tunalitaja hili makusudi, ili ifahamike kuwa kitendo kinachofuata kitendo kingine hakiwi dalili tosha kwamba cha kwanza ndicho sababu ya cha pili.

Mwezi Septemba 2009 The Sun lilihama tena, safari hii likarudi kwa Conservative wa David Cameron. Uchaguzi wa Mei 2010 ulimfikisha Cameron uwaziri mkuu. Siku chache baadaye Murdoch alikwenda kumtembelea ofisini, na kwa maelezo yake mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge, aliingia kwa mlango wa nyuma kama alivyoombwa. Mwezi Juni mwaka ule ule kampuni yake ikatangaza nia ya kuimiliki yote kampuni ya televisheni ya BSkyB, ambayo ilikuwa na asilimia 39 ya hisa zake.

Jambo hilo halikufika mwisho. Mwezi Julai 2011 ilifichuka kuwa gazeti jingine la kampuni hiyo, News of the World, lilidukua ujumbe wa sauti wa simu za watu, akiwemo binti aliyekuwa ameuawa. Gazeti lile lililoanzishwa mwaka 1843 likafungwa, na nia ya kuinunua BSkyB ikaondolewa. Andy Coulson, aliyekuwa mhariri wake na baadaye mkurugenzi wa mawasiliano wa Cameron, alitiwa hatiani mwaka 2014 na kuhukumiwa kifungo cha miezi 18.

UCHUNGUZI ULISEMA NINI?

Serikali iliunda uchunguzi chini ya Jaji Leveson. Mashahidi wakaapishwa mmoja baada ya mwingine. Murdoch alisema mwezi Aprili 2012 kuwa hajapata kumwomba waziri mkuu yeyote kitu chochote. Mwezi Juni akaja John Major akasema kuwa katika chakula cha usiku mwezi Februari 1997, Murdoch alimtaka abadilishe sera yake kuhusu Ulaya, la sivyo magazeti yake yasingeweza kuiunga mkono serikali. Blair naye alikana kuwepo mapatano yoyote baina yake na Murdoch.

Ripoti ilitoka tarehe 29 Novemba 2012, ikiwa na kurasa takriban 2,000. Haikukuta ushahidi wa mapatano ya wazi baina ya wanasiasa na kampuni ile. Hata waziri aliyepewa kazi ya kuamua suala la BSkyB haikumkuta na ushahidi wa kuaminika wa upendeleo. Lakini ilisema pia kuwa kwa muda wa miaka 30 na zaidi, vyama vyote vikubwa vilikuwa na ukaribu na wenye magazeti uliopita kiasi, na ukaribu huo haukuwa kwa maslahi ya umma. Ilieleza kuwa mwanasiasa alijua thamani ya kuungwa mkono, na mwenye gazeti alijua kuwa mwanasiasa anajua. Hapakuwa na haja ya mtu kufungua kinywa.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayomhusu mwanafunzi wa fiqhi zaidi ya nyingine zote. Je, katika sheria yetu, kisichotamkwa kina hukumu?

Kabla ya kujibu, tuongeze kuwa yapo mazingira ambayo hata minong'ono haihitajiki. Italia imetawaliwa mara tatu, kuanzia 1994, 2001 na 2008, na Silvio Berlusconi, ambaye familia yake ndiyo yenye vituo vitatu vikubwa vya televisheni binafsi nchini humo. Mwezi Desemba 2003 Rais Ciampi alikataa kutia saini sheria ya utangazaji iliyopitishwa na Bunge, lakini serikali ikatoa amri ya dharura iliyokiwezesha kituo kimoja cha familia hiyo kuendelea kurusha matangazo, na sheria yenyewe ikapita mwaka 2004 baada ya marekebisho. Hapo mtoaji na mpokeaji ni mtu mmoja.

HUKUMU YA KUMUUNGA MKONO MGOMBEA

Tuanze na asili ya jambo. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan (aliyefariki mwaka 1976) alieleza kuwa kura ina sura tatu: ni ushahidi, ni uombezi (shafaa), na ni uwakala. Mpiga kura hushuhudia kuwa huyu anafaa, humwombea apewe cheo, na humwakilisha kwa niaba ya watu. Ikiwa kura moja ni ushahidi, basi maneno ya gazeti linalosomwa na mamilioni ni ushahidi uliozidishwa mara milioni.

Kwa hiyo mwandishi anayemtetea mgombea kwa kuwa anaamini ndiye mwaminifu zaidi, akasema ukweli na akaeleza sababu zake, hana kosa. Huyo anatoa nasaha. Katika Suratun Nisaa aya ya 85, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa mwenye kuombea uombezi mwema ana fungu lake katika wema huo, na mwenye kuombea uombezi mbaya ana sehemu katika ubaya wake. Na katika aya ya 135 ya sura hiyo hiyo tumeamrishwa tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu.

Ama anayesema uongo, hali yake ni ya hatari. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bakra (r.a) kuwa Mtume (s.a.w) alipotaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofikia ushahidi wa uongo akakaa sawasawa, akalikariri neno hilo mpaka Sahaba wakatamani anyamaze. Na katika hadithi ndefu ya ndoto ya Mtume (s.a.w) aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Samura bin Jundub (r.a), ametajwa mtu anayechanwa shavu lake kwa ndoano ya chuma mpaka kisogoni, kisha linarudi kama lilivyokuwa na kuchanwa tena. Akaelezwa kuwa huyo ni mtu aliyekuwa akisema uongo mmoja, ukachukuliwa mpaka ukafika pembe zote za ulimwengu. Zamani wanazuoni walihitaji kutafakari uongo hufikaje pembe zote. Leo hakuna mtangazaji asiyelijua hilo.

HUKUMU YA FADHILA INAYOFUATA

Ama fadhila inayotolewa baada ya ushindi, ina hali tatu.

Hali ya kwanza ni mapatano ya wazi: nisaidie nishinde, nami nitakupa leseni, zabuni au msamaha wa kodi. Hii ni rushwa bila ya khilafu. Mtume (s.a.w) amemlaani mtoaji na mpokeaji wa rushwa, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi. Isitoshe, mali inayotolewa hapa si ya mwanasiasa. Ni amana ya raia. Naye aliyemuunga mkono anaingia katika onyo la hadithi ya Abu Huraira (r.a) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni mtu anayempa imamu baia kwa ajili ya dunia tu: akipewa anachotaka huridhika, na asipopewa hukasirika. Msomaji atafakari, je, kuna sifa inayolielezea vizuri zaidi gazeti linalohama kila linapoona upepo umegeuka?

Hali ya pili ni kwamba chombo kilimuunga mkono mgombea kwa imani ya kweli, kisha baadaye kikapata haki yake kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa wengine. Kiliomba leseni kama walivyoomba wenzake, kikashindanishwa, kikastahiki. Hapa hakuna haramu. Wala haifai kumnyima mtu haki yake eti kwa sababu aliwahi kumsifu mtawala, kwa kuwa kumdhulumu ili wewe uonekane msafi ni dhulma vile vile.

Hali ya tatu ndiyo yenye mashaka: hapakutamkwa kitu, lakini ada inajulikana. Kila anayesaidia hulipwa, na kila anayelipwa anajua kwa nini. Hapa mafaqihi wana kanuni mashuhuri, kwamba linalojulikana kwa ada ni kama lililowekwa sharti. Kanuni hii imeandikwa katika kifungu cha 43 cha Majalla, mkusanyiko wa sheria za muamala wa dola ya Uthmaniya. Kwa mujibu wake, wawili wanaofahamiana bila kusema hawaokoki kwa kuwa hawakusema.

Ni vyema ikaeleweka kuwa wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii hawakuitumia kanuni hii katika kila mlango. Imamu Suyuti ameijadili katika Al-Ashbah wan-Nadhair, na katika baadhi ya mas-ala rai yenye nguvu kwao ni kuwa ada haichukui nafasi ya sharti. Lakini mtu asifurahi haraka. Katika mlango wa wenye madaraka, madhehebu hii imekuwa kali kwa njia nyingine. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa kadhi akiletewa zawadi na mwenye kesi mbele yake, au na mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kumzawadia kabla hajapata cheo, ni haramu kuipokea. Hakutaka uthibitishe kuwa palikuwa na mapatano. Hakutaka uingie moyoni mwa mtoaji. Ametazama wakati na mahusiano: je, zawadi hii ilikuwepo kabla ya cheo?

Msingi wa mlango huu ni kisa cha Ibn al-Lutbiyya kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi (r.a). Mtu huyo alitumwa kukusanya zaka, akarejea na kusema kuwa hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume (s.a.w) alisimama juu ya mimbari na kuuliza mbele za watu ni kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi zile zitamfuata huko. Mtu yule hakutuhumiwa wizi, na alisema wazi alichopewa. Pamoja na hayo, zawadi ilikataliwa kwa sababu njia iliyoileta ni cheo.

Umar bin Abdul-Aziz (r.a) naye alikataa zawadi. Alipokumbushwa kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akizipokea, akajibu kuwa zama zile zilikuwa zawadi, ama leo zimekuwa rushwa. Maneno yake haya Bukhari ameyataja katika Sahihi yake.

WASHAIRI WALIKUWA MAGAZETI YA ZAMA ZAO

Jambo hili si geni katika historia yetu. Kabla ya magazeti, mshairi ndiye aliyebeba jina la mtu kutoka mji hadi mji. Sifa zake ziliinua kabila na kejeli zake ziliangusha. Watawala walilijua hilo. Katika zama za Bani Umayya, washairi kama Jarir, Farazdaq na al-Akhtal walipokea mali nyingi kwa kuwasifu watawala. Umar bin Abdul-Aziz aliposhika ukhalifa, washairi walijaa mlangoni kwake, na wanahistoria wamesimulia kuwa hakuwafungulia hazina ya Waislamu kama walivyozoea.

Kabla yake, Umar bin al-Khattab (r.a) alimfunga mshairi al-Hutaya kwa kumvunjia heshima az-Zibriqan bin Badr. Imesimuliwa kuwa alipomwachia alimpa dirhamu 3,000 ili aache kushambulia heshima za Waislamu. Tofauti iko wazi: Umar (r.a) alizikinga heshima za watu, hakununua sifa zake mwenyewe. Na khalifa huyo huyo ndiye aliyekuwa akiandika mali za magavana wake anapowateua, ili ziada itakapoonekana ijulikane.

JE, KUSHUKU NI DHAMBI?

Sasa tumjibu yule ndugu aliyesema kuwa dhana ni dhambi. Amesema kweli katika sehemu yake. Suratul Hujuraat aya ya 12 imetutaka tujiepushe na dhana nyingi, na aya ya 6 imetutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Anayesimama na kusema kwamba fulani alihongwa, anawajibika kuleta ushahidi. Kutangulia kwa msaada na kufuatia kwa fadhila si ushahidi wa kutosha kumtia mtu hatiani, na tumeona hapo juu jinsi watu walivyokwenda mbio katika suala la Channel 5.

Lakini amri hiyo kwa raia ina mwenzake kwa kiongozi. Mtume (s.a.w) alikuwa katika itikafu, akamsindikiza mkewe Safiyya (r.a) usiku. Wakapita Maansari wawili, wakaharakisha mwendo. Akawaambia watulie, huyu ni Safiyya bint Huyayy. Wakashangaa: nani angemdhania Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akawaeleza kuwa shetani hupita kwa mwanadamu kama ipitavyo damu, naye alichelea asije akatia kitu nyoyoni mwao. Kisa hiki wamekipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa aliyehifadhiwa na madhambi hakuwaacha watu wawili waondoke na shaka, vipi mtawala aingize mgeni wake kwa mlango wa nyuma, kisha awalaumu raia kwa dhana mbaya?

Basi haki mbili zinakutana. Raia azuie ulimi wake asimhukumu mtu bila ya ushahidi. Mtawala aondoe mahali pa shaka kwa kuweka mambo wazi. Nayo sheria izibe njia kabla haijapitwa, kwa mujibu wa kanuni ya kuziba vipenyo vya maovu. Kwa njia hii hatuhitaji kusoma nyoyo za watu. Huko Uingereza kwenyewe, baada ya fedheha ya mwaka 2011, serikali iliamua kuwa mikutano ya mawaziri na wamiliki na wahariri wa vyombo vya habari itangazwe hadharani. Hilo ni jambo jema, na wema tunaukubali popote unapotoka.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, Tanzania ilipitia mfano wake. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni kukirimu. Lakini kubadilisha jina la kitu hakubadilishi uhakika wake, na ukarimu unaosubiri msimu wa uchaguzi si ukarimu.

MIMBARI NAYO NI CHOMBO CHA HABARI

Ndugu maimamu, ni rahisi kuwasema wenye magazeti ya ng'ambo. Lakini kila Ijumaa nanyi mna wasikilizaji ambao mhariri yeyote angewatamani: wamekaa kimya, wameoga, na ni makosa kwao hata kuzungumza wakati wa khutba. Wagombea wanalijua hilo. Nani kati yetu hajaona msikiti ukipata zulia, saruji au vipaza sauti vipya miezi miwili kabla ya kura, na mgeni huyo akaombewa dua kwa jina mbele ya jamaa?

Imamu Nawawi, katika utangulizi wa Al-Majmuu, amenukuu kuwa mufti anaruhusiwa kupokea zawadi, tofauti na kadhi, kwa sababu fatwa yake haimlazimishi mtu. Kisha akamnukuu Ibn as-Salah kuwa inapasa iwe haramu ikiwa ni rushwa ya kumfanya atoe fatwa anayoitaka mtoaji. Imamu wa msikiti yuko karibu na mufti. Hatusemi kuwa kila sadaka ya mwanasiasa ni haramu. Msikiti ni wa Mwenyezi Mungu na sadaka ni ibada. Tunasema imamu na kamati yake wajiulize maswali matatu kabla ya kupokea. Je, mtu huyu alikuwa akiusaidia msikiti kabla hajagombea? Je, tukipokea, tutakuwa na uhuru wa kumkosoa Ijumaa ijayo? Je, tuko tayari kuutangazia umma kiasi alichotoa na kwamba hakuna ahadi tuliyompa?

Akiona jibu la mojawapo ni hapana, basi aliache zulia hilo. Swala juu ya mkeka uliochanika inasihi. Ama ushahidi uliouzwa, mwenye kuuza atakuja kuulizwa nao siku ambayo hakuna gazeti litakalomtetea.

Na sisi wasomaji na wasikilizaji tuna wajibu wetu. Tusiposti kila tunachopokea kwenye simu wakati wa kampeni, kwani Muslim amepokea kuwa yatosha mtu kuwa muongo kwa kuhadithia kila alichosikia. Tuulize ni nani mwenye chombo hiki, ana biashara gani na serikali, na jana alikuwa akisema nini. Maswali hayo si dhana mbaya. Ni kuhakikisha habari, nako tumeamrishwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase ndimi na kalamu zetu, awape viongozi wetu khofu ya siku ya hesabu, na atujaalie tuwe mashahidi wa haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wallahu A'lam.